J.C. Carothers na Homoni za Hofu: Tabibu wa Mathari katika Historia ya Meru na Embu

Ni nadra jina la tabibu kudumu katika vitabu vya fasihi na falsafa baada ya maandishi yake ya tiba kuwekwa kando. Jina la John Colin Carothers limedumu hivyo. Msomaji wa Frantz Fanon hukumbana nalo. Msomaji wa nadharia ya fasihi simulizi hukumbana nalo pia, japo mara nyingi hupita bila kuuliza mwenye jina alikuwa nani. Alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, na kuanzia 1938 hadi 1950 ndiye aliyesimamia Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Mathari, Nairobi.

Kwa watu wa Meru na Embu, Carothers si mtu wa vitabuni tu. Mnamo 1945 alichapisha makala kuhusu miraa, zao la milima ya Nyambene, akiitaja kuwa kisababishi cha wazimu. Mnamo 1954 aliiandikia serikali ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na mapendekezo yake yakaungana na amri iliyowaondoa wakazi wa wilaya hizo katika maboma yao na kuwarundika katika vijiji vyenye ulinzi. Andiko moja lilihusu majani waliyoyatafuna, na jingine lilihusu mahali walipolala. Katika yote mawili swali la msingi lilikuwa moja: ni nini hutokea ndani ya mtu anapoandamwa na hofu, na je, kitu hicho hutofautiana kwa rangi ya ngozi?

Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea udaktari London katika Hospitali ya St Thomas, na kujiunga na idara ya tiba ya Kenya mnamo 1929. Kwa takribani miaka tisa alikuwa daktari wa kawaida aliyehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kama walivyohamishwa maafisa wote wa enzi hiyo. Alitibu malaria, vidonda na homa ya mapafu. Hapakuwa na dalili kwamba angekuja kutajwa kama bingwa wa akili ya Mwafrika.

Mathari yenyewe ilikuwa na historia yake. Ilifunguliwa mnamo 1910 katika majengo yaliyokuwa yametumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mnamo 1924 ikapewa jina la Mathari. Katika miaka ya 1930, Daktari H.L. Gordon, aliyehudumu hapo, alikuwa mfuasi mkubwa wa nadharia ya kuboresha mbari kwa njia ya uzazi. Mwanapatholojia F.W. Vint naye alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini Nairobi, akadai kwamba gamba la ubongo wao lilikuwa jembamba kuliko la Wazungu. Vipimo hivyo havikuzingatia ipasavyo lishe, maradhi wala hali ya maisha ya marehemu wale. Hata hivyo, vilinukuliwa kwa miaka mingi, na Carothers alikuwa miongoni mwa waliovitegemea. Alirithi hospitali, na pamoja nayo akarithi mawazo yaliyokuwa yamekwisha kuota mizizi kutani mwake.

Alipokabidhiwa Mathari mnamo 1938 hakuwa na mafunzo ya tiba ya akili. Alijifunza kazi akiwa kazini, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo alipokwenda London kusomea stashahada ya fani hiyo. Haifai kumdharau kwa hilo. Alikuwa mtu wa bidii, aliyeweka kumbukumbu kwa makini katika mahali ambapo wengine wangeridhika kufunga milango na kuhesabu vitanda. Kutokana na kumbukumbu hizo alichapisha mnamo 1947 uchunguzi wa Waafrika zaidi ya 500 walioingizwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Alihitimisha kwamba wazimu ulikuwa haba sana miongoni mwa Waafrika wa Kenya ukilinganishwa na Ulaya na Marekani, na kwamba sonona, yaani ule unyonge mzito wa moyo unaoandamana na kujilaumu, ulikuwa adimu mno. Maelezo yake yalikuwa kwamba Mwafrika aishiye kijijini hubebwa na jamii. Hana mzigo wa kuamua mambo yake binafsi, na kwa hiyo hana mengi ya kujilaumia.

Kasoro ya hoja hiyo imo katika mlango wa hospitali yenyewe. Aliyefika Mathari alikuwa amepitia mikononi mwa chifu, polisi au hakimu. Alikuwa amechoma nyumba, amejeruhi mtu, au amekutwa akirandaranda mjini bila kujieleza. Mwanamke wa Tharaka aliyeacha kula na kuketi pembeni mwa nyumba yake akitazama ukuta kwa miezi mitatu hakuwa tishio kwa usalama wa koloni, na hakuna askari ambaye angetumwa kumleta. Mtu huyo alibaki kwao, akaombewa, akachinjiwa mbuzi, akaitiwa mganga. Hakuingia katika daftari la Carothers. Kilichopimwa, kwa hakika, kilikuwa wingi wa watu walioisumbua serikali.

Kuna kasoro ya pili ambayo wanafunzi wa lugha wataitambua upesi. Mathari ilipokea wagonjwa wa lugha nyingi, na daktari mmoja asingeweza kuzijua zote. Daktari wa Ulaya aliyemtafuta mgonjwa wa sonona alitarajia kusikia maneno ya hatia na majuto. Lakini Kiswahili, na lugha nyingi jirani zake, huipeleka huzuni mwilini. Moyo huwa mzito, huenda mbio, au hukosa kutulia. Roho huwa juu, kichwa hugonga, mwili hulegea, usingizi hupaa. Mgonjwa aliyesema kwamba moyo wake unamwenda mbio alihesabiwa kuwa analalamikia moyo. Wajuzi wa tiba walikuja kukubali katika miaka ya 1960 na baadaye kwamba sonona ilikuwapo barani Afrika kwa wingi, isipokuwa ilikuwa ikivaa nguo hizo. Nchini Kenya, David Ndetei na John Muhangi walichapisha mnamo 1979 matokeo ya uchunguzi katika kliniki ya mashambani, na kukuta kwamba takribani mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la akili, hasa sonona na wasiwasi.

Cha ajabu ni kwamba wale waliosema moyo unakwenda mbio walikuwa wakiisema fiziolojia kwa usahihi kuliko daktari wao, tena fiziolojia iliyojulikana wakati huo. Mnamo 1915 Walter Cannon wa Marekani alikuwa ameeleza jinsi mnyama anayetishwa anavyojiandaa kupigana au kukimbia. Mnamo 1921 Otto Loewi alikuwa ameonyesha, kwa kutumia mioyo ya vyura, kwamba neva huzungumza na moyo kwa njia ya kemikali. Mnamo 1936, miaka miwili kabla ya Carothers kukabidhiwa Mathari, Hans Selye alikuwa amechapisha andiko lake fupi kuhusu namna mwili unavyoitikia madhara ya kila aina kwa njia moja. Huko ndiko ilikotoka dhana inayoitwa leo msongo. Na mnamo 1946 Ulf von Euler aliitambua noradrenalini kuwa kemikali ya neva za huruma, zile zinazouandaa mwili kwa hatari.

Utaratibu wenyewe waelezeka hivi. Jicho au sikio linapoleta habari ya hatari, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, amigdala, huamsha hipothalamasi. Amri hushuka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva, nayo ni ya haraka. Katika sekunde chache tezi zilizoketi juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hudunda, pumzi huongezeka, mboni hupanuka, tumbo husimamisha kazi yake, na ini huachilia sukari ili misuli ipate nguvu. Njia ya pili hupitia damu na huchukua dakika kadhaa. Hipothalamasi hutuma homoni kwa tezi ya pituitari, pituitari hutuma nyingine kwa tezi za juu ya figo, na hizo hutoa kortisoli. Kortisoli huendelea kuipandisha sukari, hutuliza uvimbe, na ikishatosha hurudi ubongoni kuuambia kwamba imetosha. Mambo yakiwa ya kawaida, mzunguko hufungwa hapo.

Mambo yasipokuwa ya kawaida, mzunguko haufungwi. Hatari inapokuwa ya kila siku, isiyotabirika na isiyoepukika, kortisoli hukosa kushuka inavyotakiwa jioni, usingizi huvurugika, shinikizo la damu hupanda, kinga ya mwili hudhoofika, hedhi ya wanawake huweza kukatika, na kumbukumbu hufifia. Kemikali za neva, nyurotransmita, nazo huyumba: noradrenalini inayoufanya ubongo kuwa macho, dopamini inayoupa hamu, serotonini inayohusiana na utulivu wa hali ya moyo. Hakuna lolote katika haya linalomilikiwa na mbari fulani. Tezi ya mkulima wa Igembe na tezi ya afisa tawala aliyemtoza kodi hutoa homoni ileile kwa sababu zilezile, ila mmoja wao alikuwa na sababu nyingi zaidi.

Hapa ndipo penye umuhimu wa makala yake ya 1945 kuhusu miraa. Miraa imekuwa sehemu ya maisha ya Wameru tangu kale. Wazee walitafuna wakishauriana, na kifurushi maalumu kilipelekwa katika mambo ya posa. Wakati wa ukoloni biashara yake ilipanuka kuelekea Isiolo na kaskazini, na serikali ikaingiwa na wasiwasi. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 ilijaribu kuizuia kwa sheria, hasa katika maeneo ya kaskazini, bila mafanikio makubwa. Andiko la tabibu mkuu wa Mathari lililoihusisha miraa na wazimu lilikuja wakati mwafaka kwa watawala.

Carothers hakuwa na njia ya kujua jani lile lilifanya kazi vipi. Ilikuwa mwaka 1975 ndipo maabara ya Umoja wa Mataifa ilipoitambua katinoni, kemikali kuu ya majani mabichi ya miraa. Katinoni huingia katika ncha za neva na kuzifanya zimwage dopamini na noradrenalini. Kwa maneno mengine, huiga sehemu ya kazi ambayo mwili huifanya wenyewe wakati wa hatari. Mtafunaji hupata uchangamfu, maneno humtoka, njaa na usingizi humkimbia, na moyo humwenda mbio. Ikinyauka, katinoni hugeuka kuwa kemikali dhaifu zaidi. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na magari yanayoibeba kutoka Maua huendeshwa kwa mwendo wa kutisha. Muguka wa Mbeere, upande wa Embu, hutokana na spishi ileile ya mmea, na hufanya kazi kwa njia ileile.

Je, alikosea kusema kwamba miraa yaweza kuleta wazimu? La, si kabisa. Kwa mtafunaji wa kupindukia, au mtu ambaye akili yake tayari ina ufa, dopamini inayozidi huweza kuleta sauti na shuku zisizo na msingi. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wapiganaji wa zamani nchini Somalia katika miaka ya 2000 zilionyesha uhusiano kati ya mambo mazito waliyoyapitia vitani, wingi wa majani waliyotafuna, na dalili za wazimu. Maana yake ni kwamba jani na hofu hukutana katika kemikali zilezile. Mtu hutafuna ili kuhimili dhiki, na jani likaongeza dhiki. Lakini swali kuhusu dhiki yenyewe halikuulizwa mnamo 1945. Na isisahaulike kwamba katika miaka hiyohiyo majeshi ya Uingereza na ya mataifa mengine yaliwapa askari wao vidonge vya amfetamini, kemikali ndugu ya katinoni, ili wakeshe vitani. Jani la Mmeru liliitwa kisababishi cha wazimu, ilhali kidonge cha askari kilihesabiwa kuwa zana ya kazi. Mjadala huo haujafungwa hata leo: Uingereza ilipiga marufuku miraa mnamo 2014, Kenya ikaitambua kuwa zao rasmi kwa sheria mnamo 2016, na mnamo Mei 2024 kaunti kadhaa za Pwani zikapiga marufuku muguka hadi Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha amri hizo.

Carothers aliondoka Kenya mnamo 1950 na kwenda kufanya kazi katika hospitali ya akili huko Portsmouth, Uingereza. Mwaka uliofuata alichapisha andiko lililomletea sifa kwanza na fedheha baadaye. Katika andiko hilo alidai kwamba Mwafrika wa kawaida hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamlinganisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu hiyo. Upasuaji huo ulikuwa katika kilele cha heshima yake, maana mvumbuzi wake, Egas Moniz wa Ureno, alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel mnamo 1949. Carothers hakupasua kichwa cha mtu yeyote ili kufikia hitimisho lake. Alichukua orodha ya tabia za waliopasuliwa, akaiweka kando ya orodha ya tabia alizodhani ni za Waafrika, akaona zinafanana.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayopanga, inayosubiri, inayopima matokeo. Sayansi ya neva ya miongo ya karibuni imeonyesha kwamba sehemu hiyo ni dhaifu sana mbele ya hofu isiyodhibitika. Noradrenalini na dopamini zinapofurika, mawasiliano yake hulegea na hatamu huenda kwa sehemu za ndani zilizo kongwe zaidi. Mtu hujibu kwa pupa, husahau alichotaka kusema, au huduwaa tu. Hivyo ndivyo awavyo binadamu yeyote aliyesimamishwa mbele ya mwenye mamlaka ya kumfunga. Carothers, ambaye aliwaona Waafrika kwa sehemu kubwa hospitalini na gerezani, yamkini aliitazama hali ya mtu aliyetishwa akaiita umbile lake. Kwa upande mwingine, Musa Mwariama wa Meru aliongoza wapiganaji katika misitu ya Mlima Kenya na alikuwa bado hajakamatwa uhuru ulipopatikana Desemba 1963. Hakuna anayeishi miaka yote hiyo akisakwa na ndege na majeshi bila kupanga, kusubiri na kupima matokeo.

Shirika la Afya Duniani lilimpa Carothers jukwaa kubwa zaidi mnamo 1953 lilipochapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Ni haki kusema kwamba humo alisisitiza malezi, lishe na mazingira kuliko urithi wa damu, jambo lililomtofautisha na Gordon. Lakini picha ya mtu iliyotokea ilibaki ileile, na muhuri wa Geneva ukaipa uzito. Fanon, aliyekuwa naye tabibu wa akili, aliishambulia vikali katika kitabu chake cha mwisho mnamo 1961, akionyesha jinsi madaktari wa Algiers na tabibu wa Nairobi walivyofikia jambo moja. Wasomaji wa Kiswahili walikipata kitabu hicho mnamo 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Waembu na Wameru walihesabiwa kundi moja na Wagikuyu katika amri za serikali. Katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, watu zaidi ya 20,000 wa makabila hayo walikamatwa na kupelekwa vizuizini. Wakati huo serikali ilimwita Carothers kutoka Uingereza ili aieleze asili ya uasi. Ripoti yake ilichapishwa na serikali mwaka huohuo.

Ukiisoma leo, ripoti hiyo inashangaza kwa jinsi ilivyoukaribia ukweli na kisha kuupita. Carothers alitambua wasiwasi. Aliona watu waliong'olewa katika mila zilizowashikilia bila kupewa mahali pengine pa kusimama, na alielewa kwamba wasiwasi huo ulikuwa mkali. Lakini chanzo chake alikitafuta katika tabia ya watu wa msituni, katika kiapo, na katika kulegea kwa vizuizi vya kimila. Mashamba yaliyotwaliwa, kipande kilichoning'inizwa shingoni, kodi, viboko na bunduki za walinzi havikupewa uzito unaolingana. Daktari aliuona moyo unaokwenda mbio, akamweleza mgonjwa kwamba moyo wake ni wa aina hiyo.

Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba watu wakusanywe vijijini. Hakuwa mwanzilishi wa wazo hilo. Waingereza walikuwa wamelitumia Malaya, na maafisa wa usalama walilitaka kwa sababu za kijeshi. Yeye aliliongezea sababu ya kitabibu: kijiji kingewapa watu walioyumba mahali pa kutulia. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Gikuyu, Embu na Meru walikuwa wamehamishiwa vijijini. Nyumba zao za zamani zilichomwa. Vijiji vilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na mnara wa walinzi ukasimamishwa juu yake. Amri ya kutotoka nje iliwafungia watu ndani kwa saa nyingi, wanawake walitolewa kila asubuhi kwenda kuchimba mitaro na kukata msitu, na njaa ikaingia kwa kuwa mashamba yalikuwa mbali na saa za kuyalima zilikuwa chache.

Ukizilinganisha sifa hizo na masharti ya msongo unaodumu, hakuna lililokosekana: hatari isiyotabirika, kukosa uwezo wa kuamua, usingizi uliokatizwa, chakula kidogo, kutengana na jamaa. Pendekezo lililotolewa kwa jina la kutuliza wasiwasi lilijenga mazingira ambayo mwili wa binadamu hauwezi kutulia ndani yake. Katika kambi za Mwea, zilizokuwa wakati huo ndani ya wilaya ya Embu, mambo yalikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1957, katika Thiba, Kandongu, Gathigiriri na Karaba, wafungwa wapya waligawanywa katika makundi madogo na kupigwa mpaka wakiri kiapo. Mantiki iliyotumika, kwamba kukiri humtibu mtu, ilifanana na lugha ya ripoti ya 1954 iliyouona uasi kama ugonjwa. Sayansi ya msongo inasema kinyume: mtu aliyefikishwa hapo atasema lolote litakalosimamisha maumivu, na mwili wake utaendelea kuamka usiku kwa miaka. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 waliodai kuteswa, kwa jumla ya pauni milioni 19.9. Wakati huo wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa.

Carothers mwenyewe hakurudi kuishi Kenya. Aliendelea na kazi yake Uingereza na kuandika mara kwa mara. Andiko lake la 1959 linastahili kuangaliwa kwa makini na wanafunzi wa fasihi. Ndani yake aliyaacha mambo ya gamba la ubongo na kugeukia maandishi. Alidai kwamba watu wasiosoma huishi katika ulimwengu wa sauti, ambamo neno ni kitendo chenye nguvu, na kwamba ni kusoma kimyakimya ndiko kunakomjengea mtu chumba cha ndani cha mawazo yake binafsi. Asiye na chumba hicho, anapolemewa, hulipuka kwa nje badala ya kujikunja ndani. Kwa maneno mengine, yaleyale ya daftari la Mathari, ambamo waliolipuka waliletwa na polisi na waliojikunja hawakuletwa na mtu, yalitolewa sasa kama tabia ya jamii simulizi.

Andiko hilo lilisafiri mbali kuliko yote. Marshall McLuhan alilitumia kwa kirefu mwanzoni mwa kitabu chake cha 1962 kuhusu utamaduni wa uchapaji. Walter Ong alilitaja katika kitabu chake cha 1982 kuhusu usimulizi na uandishi, akilichukua lile dai la kulipuka nje na kujikunja ndani kama ushahidi. Lakini mtunzi aliyezighani tungo zake bila kalamu alijua kuficha jambo, kulizungusha kwa fumbo, kulinyamazia hadi wakati wake. Hayo yote ni kazi za chumba cha ndani.

Mnamo 1972, Carothers alichapisha kitabu kingine kikubwa kuhusu akili ya binadamu barani Afrika. Alikuwa amelainisha mengi, lakini hakuyaacha. Alifariki mnamo 1989. Kufikia wakati huo dopamini ilikuwa na zaidi ya miaka 30 tangu Arvid Carlsson aitambue kazi yake, na homoni ya hipothalamasi inayoanzisha mkondo wa kortisoli ilikuwa imetambuliwa tangu 1981. Kitabu cha Ong kilikuwa na miaka saba. Kingali kinasomwa katika kozi za fasihi simulizi, na jina la Carothers limo katika orodha ya marejeleo yake, chini ya herufi C, likiandamana na mwaka 1959.